Jina la Mzee Haruni Kwenye Sava

Vijana wa chumba cha michoro mmenibana niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Mie kusahau sijui. Nakumbuka mpaka rangi ya waya wa kwanza niliouchomeka kwenye sava: ulikuwa wa bluu, na niliuchomeka mahali pasipo pake, ofisi ikakaa kutwa bila mtandao, watu wakapiga soga kuliko harusini. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kila mtu ana zake na zote zinafanana. Nitaandika habari za ruhusa za folda, kwa sababu robo tatu ya umri wangu nimeimaliza nikiwaeleza watu wazima wenye ndevu kwa nini folda imegoma kufunguka. Na nitaandika habari ya Mzee Haruni, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande, tena imeongezwa chumvi na watu wasiojua kipimo. Chumvi yangu ni ya kiasi.

Niliingia kwenye kampuni hii ya kupima viwanja nikiwa mtu wa usafi na chai. Ofisi ilikuwa palepale Chang'ombe, ghorofani, juu ya karakana ya kuchomelea mageti, na kelele za chini zilitufundisha kupayuka kiasi kwamba hata msibani tulikuwa tunaambiwa tupunguze sauti. Ngazi zilikuwa elfu moja, au kumi na tisa, inategemea umebeba birika au hujabeba. Jioni nilikuwa nasoma. Darasa letu la watu wazima lilikuwa kwenye shule ya msingi huko Temeke, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Kidato cha nne nilikimaliza nina watoto watatu, nikaunganisha na kozi ya kompyuta: mashine nne, watu arobaini, tunagombania kipanya kama wachezaji wa mpira wa kona.

Mzee Haruni alikuwa mchoraji mkuu, mwenyeji wa Kawe, mtu wa sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni. Siku moja nampelekea chai, namkuta anaukodolea macho ujumbe kwenye kioo.

"Shikamoo, Mzee. Hiyo inasema huna ruhusa."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Imeandikwa hapo."

"Imeandikwa Kizungu."

"Nimekisoma juzi, Mzee. Somo la pili."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Keti, binti. Chai itapoa, haina neno."

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, ya kweli, ingawa nilikuwa nimeshafagia ofisi hiyo mwaka mzima. Fundi aliyetufungia sava, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima, alikaa siku mbili akaondoka, na Mzee Haruni ndiye aliyebaki na maelezo yake, kayaandika kwa penseli nyuma ya kalenda. Sava yenyewe tuliiweka kwenye kilichokuwa stoo ya mifagio, kwa hiyo chumba chake nilikijua kabla yake. Tuliiita Bibi, maana ilikohoa kila ikiwashwa na ilitaka baridi saa zote.

"Umekulia nyumba ya kupanga?" Mzee akaniuliza.

"Vyumba tisa, choo kimoja."

"Basi nusu ya kazi umeshaisoma. Kuna geti la nje na kuna mlango wa chumba. Ukiwa na ufunguo wa geti huna wa chumba, utalala uani. Ukiwa na wa chumba huna wa geti, utalala barabarani. Folda ya pamoja ni hivyohivyo. Ina ruhusa za getini na ruhusa za mlangoni, na iliyo kali kati ya hizo mbili ndiyo inayoshika."

Nimesoma vitabu vinene baadaye, vingine vizito kuliko gunia la mkaa, sikukuta maelezo yaliyolishinda geti la Mzee Haruni. La pili alinifundisha wiki ileile. Faili ukilinakili kwenda folda nyingine ya sava ileile, linapokea ruhusa za huko linakokwenda, kama mpangaji mpya anayekabidhiwa funguo. Ukilihamisha kwa kuliburuta, linakwenda na kufuli lake la zamani, na jirani wapya hawalifungui ng'o. Liandikeni hilo ukutani. Nusu ya simu nilizopokea maisha yangu yote zilitokana na mtu aliyeburuta badala ya kunakili, halafu akaapa kuwa hajagusa kitu.

Nyingine zilitokana na kukataza. Kuna mpimaji mmoja alitaka wenzake wasione picha zake, akaweka katazo kwa kundi zima la wapimaji, akasahau kuwa na yeye ni mpimaji. Katazo halijui mwenye nyumba. Alikuja kwangu jioni, kajaa upole ambao sijawahi kuuona kwake kabla wala baada. Zana zangu zilikuwa tochi, daftari la mraba na peni mbili. Kwenye daftari nilichora folda zote na nani anaingia wapi, na kanuni yangu haikubadilika: ruhusa mpe kundi, usimpe mtu. Mtu anahama, anaolewa, anakufa. Kundi lipo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa Boko, viwanja mamia na michoro yake, na folda ya Boko ndiyo iliyomfanya Mzee asilale. Kuna mtu, mpaka leo hajajitaja, aliiburuta kwa bahati mbaya akaitumbukiza ndani ya folda ya picha za sherehe. Tulitafuta siku mbili. Mzee hakula. Tulipoipata, chini ya picha ya bosi anakata keki, akaanza utaratibu wake: kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, michoro ya Boko iliyokamilika anaihamishia kwenye folda yake ya Kamili na kuifunga, asiiguse mtu mpaka yeye aifungue. "Siendi kuswali moyo wangu uko Boko," alikuwa anasema. Akishafunga anajipaka marashi yake ya mawaridi, anachukua kofia, anashuka ngazi. Tulizoea hivyo kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Akafariki Jumanne moja, presha iliyomsumbua majuma kadhaa, nyumbani kwake. Ofisi nzima tulikwenda Kawe kuzika. Tuliporudi kazini bosi wetu, ambaye sote tulimwita Injinia, akaniita.

"Bi Hawa, pole na msiba. Akaunti ya Mzee ifutwe leo. Mtu akiondoka, jina lake kwenye sava linaondoka siku hiyohiyo. Ukimaliza, saini hapa."

Alikuwa sahihi, na mie ndiye niliyemfundisha kanuni hiyo. Nikaenda kwa Bibi, nikafungua orodha ya majina, nikaweka kipanya juu ya jina la Haruni. Wenzangu, kwake watu walikuwa bado wako kwenye mikeka. Matanga hayajaanuliwa. Kwetu hata kanzu ya marehemu haigawiwi upesi, sembuse kumfuta jina kwa kubonyeza mara moja, tena jina la mtu aliyenitoa kwenye birika. Nikasema, ngoja arobaini ipite. Nikafunga kioo, nikarudi kwa Injinia, nikasaini kuwa nimefuta.

Arobaini ikasomwa, nikala pilau, nikalia. Siku ya arobaini na moja nikafungua tena ile orodha, nikaifunga tena. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo yangu ilichukua miezi minane.

Sasa mnaijua ofisi yetu ilivyokuwa siku ya Ijumaa mchana. Waislamu wanaume wanakwenda msikitini, wengine wote wanakwenda kula, karakana ya chini inazima mashine. Kimya chake kilikuwa kinaingia masikioni kama maji. Tulikuwa tunabaki wawili: mie na hotipoti yangu, na Neema.

Neema ni huyu mnayemjua, ila wakati huo alikuwa mchoraji mgeni, aliyeanza kazi muda mfupi kabla Mzee hajafariki, ametoka Mbeya, anaishi Mbagala na mama yake aliyekuwa mgonjwa, na mshahara wake ndio uliokuwa unawalisha wote wawili. Alikuwa amepewa meza ya Mzee Haruni. Ijumaa moja, mwishoni mwa miezi hiyo minane, akaniita bila kupaza sauti.

"Da Hawa. Njoo uone."

Alikuwa anataka kuhifadhi mchoro wa Boko ambao hakuwa ameugusa zaidi ya wiki. Kioo kilimkatalia, kikamwambia faili hilo halihifadhiki kwa sasa kwa sababu linatumiwa na haruni.

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. "Mabaki tu," nikasema. "Bibi anaota."

"Anaota mchana?"

Nikafungua orodha ya ruhusa za faili. Jina la kundi la wachoraji halikuwepo. Jina la Neema halikuwepo. Lilikuwepo jina moja, na kwenye sehemu ya mmiliki jina hilohilo. Saa ya mabadiliko: saa sita na dakika arobaini mchana, yaani dakika tatu zilizopita. Kiyoyozi kilikuwa nyuzi kumi na sita na mgongo wangu ulikuwa umelowa.

Nikamrudishia Neema ruhusa zake, kazi ya dakika kumi. "Usimwambie mtu kwanza," nikamwambia. "Acha nichunguze."

Naye akanisikiliza, kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa mtu wa sava.

Ijumaa iliyofuata, saa sita na dakika arobaini, ikajirudia. Safari hii mchoro mmoja haukufungwa tu, haukuwepo kabisa. Ijumaa ya tatu ikatoweka mitano. Nilichungulia kompyuta ya Neema, yangu, ya Injinia, ya mhasibu, nikatafuta virusi mpaka nikawaota wana masharubu. Hakuna. Folda ya Kamili peke yake sikuigusa; ilikuwa bado imefungwa kwa jina la Mzee na sikuthubutu kuivunja. Neema akaanza kusema kwamba ikikaribia saa hiyo anasikia marashi ya mawaridi kwenye ile meza. Nilimwambia ni ubani, maana habari ilikuwa imeshavuja na mtu alikuwa amechoma ubani kando ya Bibi, Bibi akakohoa wiki nzima. Lakini ubani ulichomwa Jumatatu, na marashi yale hata mie niliyasikia Ijumaa.

Mwendesha plota wetu, ile mashine ya kuchapa michoro mikubwa, alikuwa Method, mtu wa Bukoba mwenye mdomo kuliko redio, naye hakumwacha Neema apumue.

"Sista, hicho kiti mwenyewe bado anakihitaji."

"Akija nitampisha."

"Shida yake huyo hapigi hodi."

"Method, wewe unaogopa nini? Hajawahi kukudai kalamu?"

"Mie? Mie nikimwona namwamkia, shikamoo Mzee, nashuka zangu dirishani."

Watu wakacheka, lakini nilimwona Neema akikivuta kile kiti pembeni kidogo kabla ya kukaa, kama anayempa mtu nafasi.

Kicheko kikaisha Injinia alipotuita. Wenye viwanja Boko walikuwa wanasubiri michoro yao na michoro sita haionekani.

"Akaunti ya Mzee ilifutwa," akasema. "Saini ya Bi Hawa ninayo kwenye faili. Kwa hiyo kuna mtu amelitengeneza upya jina la marehemu ili ajifiche nyuma yake. Neema, Mzee alipokuwa anaumwa alikupa nywila yake?"

"Alinipa, ili nimchapishie michoro. Ni kweli."

"Unakaa kwenye meza yake. Ijumaa saa hiyo unabaki ofisini."

"Da Hawa naye anabaki."

"Bi Hawa ndiye aliyemfuta."

Neema akanigeukia. Mie nikatazama kalenda.

"Nakupa mpaka Ijumaa hii jioni," Injinia akamwambia. "Michoro irudi na nielezwe ilikokwenda. Isiporudi, unaondoka, nakwenda polisi, na wenzangu wenye kampuni za upimaji mjini hapa nitawaambia kwa nini umeondoka."

Mnajua maana yake. Kampuni za kazi yetu mjini hapa zinajuana kama watu wa mtaa mmoja. Neema asingeshika tena mchoro wa mtu Dar es Salaam, na angerudi Mbeya na mama mgonjwa na jina la mwizi. Na kilichokuwa kimemfunga kilikuwa saini yangu. Lile jina halikutengenezwa na mtu. Lilikuwa limekaa palepale nilipoliacha.

Jumatano niliingia kwa Bibi nikafunga mlango. Nikaweka kipanya juu ya jina la Mzee. Nilikuwa na mpango mzuri sana: nafuta sasa hivi, kimyakimya, Ijumaa inapita salama, mambo yanaisha. Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe ndipo nilipoona mpango wangu ulivyo. Ijumaa ikipita kimya, Injinia atasema Neema kaogopa kaacha. Ningekuwa nimefuta ushahidi wake wa pekee, na uongo wangu pamoja nao.

Nikatoka nikamkuta Neema jikoni.

"Da Hawa, wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi sema kitu. Wewe ukisema wanasikia."

Nikampa chai. Mtu ananiomba nimwokoe, mie nampa chai na sukari vijiko viwili. Nimefanya makosa mengi na kompyuta, nimewahi kufuta folda ya mwaka mzima nikaipata kwa miujiza, lakini linalonifanya nione haya mpaka leo ni kikombe kile.

Alhamisi asubuhi niligonga kwa Injinia. "Mzee Haruni sikumfuta," nikasema, kabla sijakaa, maana nikikaa nisingesema.

"Ulisaini."

"Nilisaini uongo. Nilisema nisubiri arobaini, nikashindwa."

Injinia akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Yaani nimemwita binti wa watu mwizi kwa karatasi yako."

"Ndiyo."

"Na bado anaweza kuwa ni yeye. Akaunti ipo, nywila anayo."

"Anaweza. Ndiyo maana nakuomba kesho usiende kula. Ukae naye, mikono yake uione, mie nifungue orodha ya ruhusa tuangalie pamoja."

Ijumaa tukakaa watatu kwenye chumba cha michoro. Adhana ikaisha, viatu vikashuka ngazi, karakana ikazima. Neema aliweka mikono juu ya meza, viganja chini, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Kompyuta yake tulikuwa tumeizima. Mie nilikuwa na moja mbele yangu, nimefungua ruhusa za mchoro mmoja wa Boko: kundi la wachoraji na, kinyume cha kanuni yangu, majina matatu niliyoyaongeza kwa ajili ya siku hiyo: Neema, mie, Injinia.

Saa sita na thelathini na tisa Injinia akakohoa.

Saa sita na arobaini jina la kundi likaondoka. Nikaifungua upya orodha, jina la Neema likawa limeondoka. Nikaifungua tena, la Injinia. Likabaki langu, sekunde moja hivi, nikaliona limebaki na jina la Mzee, ambalo mwanzo halikuwepo. Halafu nalo likaondoka, kioo kikaniambia sina ruhusa ya kuangalia. Kwenye folda michoro ikaanza kupungua, mmoja, mmoja, bila haraka, kama mtu anayekusanya karatasi zake mezani. Marashi yakaja. Mwanzo nilidhani ni mie tu, mpaka nilipomwona Injinia ananusa hewa na kufanya ishara ya msalaba, ndogo, karibu na kifungo cha shati.

"Nani anafanya?" akauliza kwa kunong'ona.

"Mikono yangu hii hapa," Neema akasema.

Kazi ya miaka mingi ina faida moja: hata ukiogopa, mikono inajua pa kwenda. Niliingia kwa Bibi nikafungua orodha ya mashine zilizounganishwa muda ule. Zilikuwa mbili. Moja ni niliyokuwa naitumia. Nyingine ilikuwa inaitwa Meza Kubwa, na jina hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa furaha kubwa, siku ile Mzee Haruni aliponunuliwa kompyuta.

"Kompyuta ya Mzee iko wapi?" Injinia akaniuliza.

"Ilitolewa Neema alipoletewa yake."

"Kwenda wapi?"

Nikageukia nyaya. Pale mitambo ya mtandao inapokaa kuna safu ya taa, moja kwa kila waya, na mojawapo ilikuwa inapepesa kama jicho. Nikaushika waya wake, tukaufuata watatu tumepangana: ukutani, juu ya mlango, kwenye korido, mpaka chumba cha plota. Ukaingia nyuma ya plota. Nyuma yake palikuwa na kitu cha mraba, hakina kioo wala kibodi, kimefunikwa kipande cha kanga. Nikakigusa. Kilikuwa cha moto kama mtu mwenye homa, na kinanguruma kwa chini.

Method akatokea mlangoni na kijiti cha meno. "Mnafanya nini na boksi la plota?"

"Umelitoa wapi?" Injinia akamuuliza.

"Stoo. Plota ilipotengenezwa mwezi uliopita iligoma na kompyuta zote, ikaikubali hii peke yake. Nikaichomeka waya, nikaifunika isiingie vumbi."

"Ni ya nani?"

"Ya ofisi." Akatutazama usoni mmoja mmoja. Akakitoa kijiti mdomoni. "Ya nani?"

Tukaiwekea kioo. Mle ndani, kwenye kazi zinazojiendesha zenyewe, ilikuwepo moja, ya kila Ijumaa saa sita na dakika arobaini, inaendeshwa kwa jina na nywila ya Mzee Haruni. Sisi tulidhani anafunga kwa mkono. Kumbe mwisho mwisho alikuwa ameifundisha kompyuta imfungie. Chini yake aliandika maelezo: "Boko. Mchoro uliotulia siku saba, peleka Kamili, funga. Nimeanza kusahau."

Injinia akausoma mstari huo kwa sauti. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua kwamba alikuwa amekwishaanza kusahau.

Michoro yote ilikuwa ndani ya Kamili. Haikukosekana hata mmoja, imepangwa kwa namba za viwanja kuliko tulivyowahi kuipanga sisi. Neema alikaa sakafuni pale nyuma ya plota, akafunika uso na kile kipande cha kanga. Injinia hakusubiri jioni. Watu waliporudi kutoka kula na kuswali akawakusanya, akamwomba Neema radhi mbele yao, na akataja kosa lilikuwa la nani. Nilipewa barua ya onyo, nilistahili tatu. Funguo za chumba cha Bibi akanipokonya, akampa Neema. Kuhusu marashi hakuna aliyeuliza, na mie sina maelezo ya kuwapeni. Boksi halitoi marashi.

Alasiri hiyohiyo Neema akanifungulia mlango kwa funguo zake mpya. Kazi ile ya Ijumaa tulikuwa tumeshaizima. Nikaweka kipanya juu ya jina la Mzee kwa mara ya tatu. Neema alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nikusaidie?" akaniuliza.

"Hapana. Huyu ni wangu."

Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina uhakika, nikabonyeza tena.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtalikuta darasani mpaka likukuteni wenyewe. Tulifungua folda ya Boko kuangalia. Kila palipokuwa na jina lake, kwenye kila mchoro aliowahi kuugusa, jina halikuwepo tena. Palikuwa na namba. Namba ndefu inayoanza kwa herufi S, ina vistari katikati, imejaza mstari mzima. Mashine ilikuwa bado inajua kuna mtu pale na ana haki zake, ila haikuwa na jina la kumwita.

"Kaenda wapi?" Neema akaniuliza.

Nilikuwa naiandika ile namba kwenye daftari, tarakimu kwa tarakimu. Mkikutana na namba za namna hiyo kwenye folda zetu, na mtakutana nazo nyingi, ziondoeni kwa utaratibu, ila ulizeni kwanza ilikuwa ya nani. Hazikutokea kwa bahati mbaya.

Siku yangu ya mwisho kazini, baada ya kurudisha kitambulisho, nilimwomba Neema anifute hapohapo nikiwa nimesimama.

"Da Hawa, nisubiri japo wiki. Watu ndio kwanza wanakuaga."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Mashine ikamuuliza, akabonyeza tena. Nikamwomba anifungulie mchoro mmoja wa Boko, wa zamani, niliouwekea ruhusa kwa majina yetu wawili, langu na la Mzee Haruni, mwaka ule wa kwanza, kabla sijaijua kanuni ya kundi. Majina yetu yalikuwa hayapo. Zilikuwepo namba mbili, moja chini ya nyingine. Neema aliinama akazisoma polepole kwa kidole, na kidole chake kilifika karibu na mwisho kabla hajaona zinapotofautiana.